Njia Panda ya Machupa

Nyumba za Kasongo hazina namba, na hata zingekuwa nazo hakuna ambaye angezisoma. Ukitaka kumwelekeza mgeni unamwambia ashike njia ya Ku Pompu, akifika Ku Mashini akate kushoto. Mgeni mwerevu anauliza kwa watu na kufika. Mgeni mbishi anatafuta pampu. Pampu yenyewe ilikufa kabla sijaolewa. Pale sasa wanauza kandambili na nguo za ndani, na ule mkono wake wa kumiminia wananing'inizia mikanda. Mashini nayo ilikuwa ya kusaga mihogo. Ikawa inakunywa mazutu, yaani dizeli, kuliko mwenyewe alivyoweza kuinywesha, akaiuza vipande vipande. Pampu hakuna, mashini hakuna, majina yako palepale na watu wanafika.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa jina la mahali. Njia panda iliyo mbele ya nyumba yetu iliitwa Kwa Machupa, na hayo machupa yalikuwa yangu. Kila asubuhi nilitoa meza ya mbao, nikapanga juu yake chupa za lita moja zilizojaa esansi, ndiyo petroli, na pembeni nikaweka faneli yenye kitambaa cha kuchujia. Motari, yaani vijana wetu wa pikipiki za abiria, wakisema "nakuachia Kwa Machupa," abiria haulizi mara ya pili. Hata kanisani msiba ukitokea mtaani kwetu ulitangazwa kwamba uko nyuma ya Kwa Machupa. Mume wangu ni mwalimu, amefundisha nusu ya mji kusoma, na hakuna hata kichochoro kilichopewa jina lake. Nilikuwa namkumbusha jambo hilo mara kwa mara, hasa akinikosoa.

Biashara yangu ilikuwa na utaratibu wake. Motari hana subira, na mimi nina sufuria jikoni. Basi anayenijua alijihudumia mwenyewe: anachukua chupa, anaweka faneli kwenye tangi, anamimina, anarudisha chupa tupu mezani, anaacha pesa chini ya jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa jeusi, la mviringo, nililiokota mtoni. Miaka yote ile waliolidanganya jiwe hawazidi watatu. Ninawajua, ninawasalimu, na wao wakinisalimu wanaangalia miguu yao.

Halafu esansi ikaanza kupanda. Esansi yetu inaletwa na malori, na lori likikwama kwenye matope bei inapanda kwa sababu lori limekwama. Lori likifika salama bei inapanda pia, eti huko lilikotoka imepanda. Hiyo siku ya kushuka bado naingojea.

"Mama, esansi imepanda tena?" motari wananiuliza, kama vile mimi ndiye ninayeipandisha.

"Imepanda, papa. Hata mimi nimeamuka nikaikuta iko juu."

Waliokuwa wakichukua chupa mbili wakachukua moja, na waliokuwa wakichukua moja wakaomba nusu. Teremko lote la kutoka kanisani wakawa wanalishuka wamezima injini, kimya, ili wasichome bure. Kuku wangu wawili walikufa hivyo. Walikuwa kuku wa mjini, waliozoea kusikia pikipiki kabla ya kuiona.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Mama yangu alikuwa akiishi Wamaza, kwa yaya yangu. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na huyu ni dada yangu mkubwa wa pekee. Alasiri moja motari aliyetoka huko aliniletea neno: mama anaumwa sana, njoo. Asubuhi ya siku ileile bei ilikuwa imeruka, na mimi nilikuwa na pipa zima nililonunua kwa bei ya zamani. Nililiangalia lile pipa. Nikasema nitakwenda kesho, niuze kwanza. Kesho yake nikauza mpaka saa sita mchana, ndipo nikapanda pikipiki. Nilipofika Wamaza mama alikuwa amekwisha kuzikwa, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Yaya alikuwa amesimama mlangoni. Alisema polepole, mbele ya watu wote waliokuja kutulilia: "Muuza esansi amekosa esansi ya kufikia mama yake."

Nilirudi Kasongo, nikamkasirikia miaka minne. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba namkasirikia kwa kuwa alisema kweli, na kujua huko hakukunisaidia kitu. Simu za Wamaza lazima zipandishwe kilimani kutafuta mtandao, na yaya ana magoti mabovu. Hicho ndicho kisingizio tulichopeana sisi wawili. Hakuna aliyempigia mwenzake.

Mwaka wa nne, mpunga ulipokuwa unaanza kuinamisha vichwa, motari mmoja alisimama mlangoni pangu. Hakuulizia esansi. Alisimama wima kama mtoto anayetumwa na mwalimu, akasema alichoambiwa aseme:

"Yaya yako anasema hivi: kisha mavuno ya mupunga atakuya Kasongo. Hatasema siku. Akiona machupa yako, atashuka. Akikosa machupa, atapita."

Nilimwomba arudie, akarudia. Nikaingia ndani nikakaa kitandani. Mume wangu alipotoka shule alinikuta palepale, na wali haujapikwa, akaelewa kwamba jambo ni kubwa.

Sasa sikiliza balaa langu. Wiki mbili kabla ya neno hilo nilikuwa nimeacha esansi. Nilichoka kugombana na watu wazima juu ya bei ambayo sikuitunga. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiwauzia wachimba dhahabu wa Salamabila pano za umeme wa jua alipitia Kasongo na pano mbili za mwisho, nami nikachukua moja pamoja na betri yake. Mwalimu akapanda juu ya bati na kuifunga. Aliposhuka akatangaza kwamba jua halina bei. Alikisema kitu hicho mara nyingi mno juma lile, kwa majirani, kwa wanafunzi, kwa mbuzi. Nikapigilia ubao ukutani wenye matundu ya umeme, na watu wakaanza kuleta simu zao kuchaji. Jua halikwami kwenye matope. Siku za mvua tunasikilizana na mawingu, lakini mawingu ni waungwana, yanaondoka.

Biashara ilikubali. Kilichoniogopesha ni kwamba vijana walianza kupaita pale Ku Pano. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimsikia motari akimwambia mama mwenye mzigo wa mihogo, "Nakuachia Ku Pano," na yule mama akaitikia bila kushangaa, nikaacha kucheka. Nimeona mwenyewe Ku Pompu ikiishi bila pampu miaka yote hiyo. Kwa nini jina langu mimi ndilo liwe na haraka ya kufa? Yaya yangu angekuja, angetafuta Kwa Machupa, angeonyeshwa ubao wa simu. Angepita. Yaya akisema atapita, anapita.

Utaniuliza kwa nini sikumtumia neno kwamba nimebadili kazi. Nilituma. Lakini motari wa kwenda Wamaza walikuwa wamekuwa adimu, hawaondoki mpaka wapate abiria wawili na mzigo juu, na yule niliyempata alimwambia mtu amwambie mtu. Tena, kusema kweli, niliona haya. Nimwambie nini? Kwamba ile esansi niliyoichagua nikamwacha mama, sasa nimeiacha nayo?

Basi nikairudisha meza. Nikaweka chupa tatu, faneli yake na jiwe lake. Chupa tupu hazionekani kwa mbali, na kuweka esansi ya kweli ulikuwa wazimu, watu wangeimaliza. Nikachemsha chai nyepesi, nikaiacha ipoe, nikaijaribu kwenye mwanga. Ilikuwa na rangi ileile. Nilikuwa nimeuza esansi miaka kumi na moja, na mimi mwenyewe ningejinunulia.

Mwalimu alizunguka meza mara mbili. "Mama ya watoto," akasema, "unauzisha chai ao unauzisha uongo?"

"Nauzisha subira. Unataka lita ngapi?"

Alijitolea kuniandikia kibao. Akakata boksi, akaandika kwa mwandiko wake wa darasani: HAIUZWI. Kibao kilikaa siku tano, kisha mbuzi wa jirani akakila chote, akaanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Sikuandikisha kingine. Motari wote wa mtaa walikuwa wamekwisha kujua, na kila akipita mmoja anapaza sauti, "Mama, niongezee sukari!" Chai ikianza kuota ukungu niliimwaga, nikapika nyingine. Sijawahi kuhudumia mgeni kwa uangalifu kama nilivyozihudumia chupa zile.

Mavuno yakaisha. Mpunga mpya ukaingia sokoni. Mimi siendi sokoni, naogopa nisije nikapishana na yaya, namtuma mwalimu, naye ananiletea samaki ambao wachuuzi walikuwa wamekata tamaa nao. Kanisani nilihamia benchi la mwisho karibu na mlango. Juma la kwanza likapita, la pili, la tatu. Nikaanza kuamini kwamba alikwisha kupita siku nikiwa jikoni.

Alikuja Jumamosi asubuhi, kabla ya saa nne. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo, uani niliposikia pikipiki imepunguza mwendo, halafu sauti ya kukohoa vumbi. Nikatoka na majani mikononi. Yaya alikuwa amesimama karibu na meza, kitenge kimefungwa imara, kuku mmoja chini ya kwapa, anaziangalia zile chupa. Alikuwa amezeeka. Nadhani naye aliniona nimezeeka, kwa maana tuliangaliana muda mrefu kuliko kawaida.

"Machupa iko," akasema.

"Iko, yaya. Karibu ndani."

Motari wake akabaki na pikipiki yake barabarani; yeye aliingia mpaka uani, hakuingia nyumbani. Nikaleta kiti, hakukalia. Nikaleta maji, akayashika bila kuyanywa. Alinipa kuku kwa adabu kama anavyopewa mkwe.

"Sikukuya kuikala," akasema. "Nimekuya na neno. Kisha siku ine tunajenga kaburi ya mama na simenti. Watu wa ukoo wote watakuwa. Nilisema neno hili siwezi kulituma kwa kinywa ya mutu. Nimelileta."

"Nitakuya, yaya."

"Ulisemaka hivyo ile siku pia."

Nilikuwa nimepanga maneno miaka minne. Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha, na mengine makali kwa ajili ya dharura. Sasa nilichobaki nacho ni kuku mikononi. Yaya akaniwekea maji yake juu ya kiti, akasema atalala misheni, kesho Jumapili atasali, Jumatatu atarudi kwao, tubaki salama. Na akatoka.

Sikumsindikiza hata mpaka barabarani, na tunajua wote jinsi hiyo ilivyo aibu kwetu. Nikasikia pikipiki ikiwaka, ikiondoka, ikipita kwa jirani, ikikata kuelekea Ku Mashini. Nikalia pale uani, kuku wa yaya ananitazama.

Halafu pikipiki ikakohoa. Ikakohoa tena, ikapiga kelele moja ya ajabu, ikanyamaza.

Nilikaa kidogo nikisikiliza. Motari alikuwa anaipiga teke, anapiga, anapiga. Hapo ndipo nilipokimbilia mezani. Chupa mbili zilikuwa tupu. Faneli ilikuwa imelowa. Chini ya jiwe palikuwa na pesa, zimekunjwa vizuri, kamili kwa bei ya siku ile.

Motari wa watu wa mbali, hajafika Kasongo miezi mingi, pua imezibwa na vumbi la safari nzima, ameona meza anayoijua, jiwe analolijua, abiria wake yuko ndani kwa ndugu yake. Angefanya nini? Alijihudumia.

Wakarudi. Kijana anasukuma pikipiki, uso umejaa jasho na hasira, na nyuma yake yaya anatembea na magoti yake mabovu, hatua moja moja.

"Mama," motari akasema, "hii esansi ya kwako iko na shida gani?"

Ningeweza kusema ilichanganywa na wauzaji wa jumla. Uongo huo ulinijia ukiwa umekamilika, na viatu vimevaliwa. Lakini yaya alikuwa ananiangalia kwa macho ya mama.

"Iko chai," nikasema.

"Iko nini?"

"Chai. Haina sukari."

Kijana akafungua tangi, akaingiza kidole, akakiramba, akakaa chini barabarani.

"Chai ya nini kwa chupa ya esansi?" yaya akauliza.

"Ya wewe," nikamwambia. "Esansi niliiacha, yaya. Kabla neno yako kufika nilikuwa nimeiacha. Lakini ulisema ukikosa machupa utapita. Sikutaka upite. Juma mbele ya juma napika chai naweka mezani, ili usipite."

Yaya akaichukua chupa ya tatu, iliyobaki. Akaifungua, akainusa, akaiinua juani kama nilivyoiinua mimi siku ya kwanza. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha mama, kinachoanzia tumboni na kuchelewa kufika mdomoni.

"Muuza esansi," akasema, na akashindwa kuendelea, akashika meza, "muuza esansi amekosa esansi!"

Yalikuwa maneno yaleyale. Miaka minne nilikuwa nayabeba kama jiwe kwenye kiatu, na sasa alinirudishia yakiwa mepesi. Nikacheka na mimi. Motari peke yake ndiye aliyebaki na sura ya msiba, mpaka mwalimu alipotoka na kumweleza, kwa sauti ya darasani, kwamba jua halina bei.

Sasa kuondoka hakukuwezekana. Tangi lilimwagwa, kabureta ikafunguliwa na kuanikwa juu ya gunia, na mji mzima siku ile haukuwa na esansi, lori lilikuwa limekwama njiani. Yaya akakikalia kile kiti. Akayanywa yale maji. Akachukua sombe kutoka mikononi mwangu, akasema ninayachambua vibaya kama zamani. Tukamchinja kuku wake, tukala sahani moja, na hakuna aliyezungumza habari za misheni. Jumapili baada ya ibada nilimwambia habari ya lile pipa, yote, mpaka ile saa sita mchana. Alisikiliza. Akasema mama alikuwa ameniulizia mara moja tu, akaambiwa niko njiani, akasema vema. Sijui kama alinieleza hivyo ili nipone au kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nimeamua kutomuuliza.

Jumatatu asubuhi mtu alipata esansi karibu na Ku Pompu, chupa chache. Nilikwenda mwenyewe, nikanunua bila kuuliza bei, mara ya kwanza maishani mwangu. Ubao ulikuwa umejaa simu za watu, nyingine hazijafika hata nusu, na nje wateja wanasubiri.

"Na hawa?" mwalimu akauliza. "Mimi niko na darasa."

"Wajichukulie. Waache pesa chini ya jiwe."

Tukapanda watatu, motari mbele, yaya katikati, mimi nyuma nimeshika kiuno chake. Simenti ilipochanganywa Wamaza nilikuwa nimekwisha fika siku mbili nzima, nikachota maji, nikapika, nikabeba mchanga. Ukoo ulipokusanyika kaburini shangazi mmoja asiyeona vizuri aliuliza ni nani huyu aliyesimama karibu na msalaba.

"Iko mudogo wangu," yaya akajibu. "Mara hii amekuya na chai."

Watu walicheka, ingawa wengi hawakujua wanacheka nini, na mimi nikacheka nao. Halafu nikalia kile kilio nilichokuwa nimechelewa nacho, na yaya akanishikia kitenge mpaka nikamaliza.